Sura ya Tano: Mbona Leta Inasali?

Ibara ya 1 ya Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ile iliyotangazwa Februari 2006, inasema nchi hii ni dola ya sheria, huru, moja isiyogawanyika, ya kijamii, ya kidemokrasia na laiki. Mwanafunzi wa sekondari huko Masisi anaisoma darasani, anaikariri, anaifanyia mtihani. Kisha anakwenda kwenye mkutano wa usalama. Tuseme ni Bihambwe, kwenye barabara ya milimani itokayo Sake kwenda Rubaya. Kabla neno lolote halijasemwa juu ya usalama, pasta anaombwa afungue kwa sala. Mkubwa wa serikali anafumba macho. Kamanda anafumba macho. Wote wanasema Amina.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo vijana wa Kivu huliuliza bila kuchoka: kama Leta ni laiki, mbona inasali? (Leta ndilo jina ambalo watu wa mashariki ya Kongo wanaipa dola: mtoza kodi, askari, hakimu, ofisi ya teritwari, vyote hivyo ni Leta.)

Jibu linalotolewa barazani ni fupi: ni unafiki tu. Mimi silikubali. Wapo wanafiki, tena wengi, lakini unafiki hauwezi kueleza jambo lililodumu miaka mia moja. Ninachoshikilia katika sura hii ni kwamba dola laiki haipimwi kwa kuangalia kama wakubwa wake wanasali au hawasali. Inapimwa kwa kuangalia kama yupo mtu anayeweza kuwaambia hapana, kwa jina la kitu kilicho juu yao, kisha akarudi kwake akalala salama. Na hapa kwetu, hiyo hapana imetunzwa zaidi na fasihi kuliko sheria: katika utendi, katika mahubiri yaliyopita mdomo kwa mdomo, katika riwaya.

Laiki ni kitu gani hasa

Tuanze na maana, maana watu wengi hubishana wakati kila mmoja ana jambo lake kichwani. Mwanafalsafa wa Kanada Charles Taylor, katika kitabu kikubwa alichokitoa mwaka 2007, alitenganisha maana tatu ambazo kwa kawaida tunazichanganya.

Ya kwanza ni ya dola: serikali haina dini rasmi, na hakuna anayepata cheo au kukikosa kwa sababu ya imani yake. Marekani iliandika hivyo mwaka 1791 ilipolikataza bunge lake kuunda dini ya taifa. Ufaransa ilipitisha sheria ya kutenga makanisa na dola mwaka 1905. Ya pili ni ya watu: ibada zinapungua, makanisa yanabaki matupu, kama ilivyo leo sehemu kubwa ya Ulaya. Ya tatu ndiyo ngumu kuiona: imani imekuwa chaguo. Hata anayeamini anajua kwamba jirani yake anaamini vingine, na kwamba yeye mwenyewe angeweza kuamini vingine.

Sasa zipitishe Bihambwe. Ya kwanza ipo kwenye karatasi. Ya pili haipo kabisa. Jumapili asubuhi, hata wakati wa vita, njia za vilima hujaa watu waliovaa nguo zao nzuri. Ya tatu ipo, na ipo kwa nguvu kuliko tunavyokiri. Katika boma moja mama anakwenda misa kwa Wakatoliki, mwana wa kwanza anasali Jumamosi na Waadventista, binti amehamia kwa Wapentekoste, na babu bado anajua mahali pa kuweka pombe ya mizimu. Watu wakikutana mara ya kwanza huulizana, “Unasalia wapi?” Zamani za babu wa huyo babu swali hilo lisingekuwa na maana, kwa kuwa mtu hakuchagua pa kusalia. Alizaliwa napo.

Kwa hiyo anayesema fikra za laiki ni mali ya Wazungu na hazijafika milimani hajatazama vizuri. Zimefika kwa mlango wa tatu.

Utendi wa Walikale

Kabla ya katiba, kabla ya misheni, Wanyanga, watu wa misitu ya Walikale, walikuwa na kitabu chao kisichoandikwa. Mwaka 1956 mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza mtambaji wa Kinyanga aitwaye Candi Rureke akisimulia, akiimba na kucheza utendi wa Mwindo kwa siku 12. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na mwanaisimu Mnyanga, Kahombo Mateene. Wanafunzi wa Marekani wanausoma utendi huu vyuoni. Wanafunzi wa Walikale, wengi wao, wanasoma La Fontaine. Hilo ni la kusikitisha, lakini tusonge mbele.

Kisa kinaanza na amri ya kisiasa. Mwami Shemwindo wa kijiji cha Tubondo anawatangazia wake zake saba kwamba wazae mabinti tu. Atakayezaliwa wa kiume atauawa. Mtawala anataka hata matumbo ya wanawake yamtii. Mwindo anazaliwa, tena anazaliwa akisema na kutembea, mkononi ana mkia wa enzi. Baba anajaribu kumuua kwa mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto haishi kurudi. Mwishowe Tubondo inateketea na mwami anakimbilia kuzimu, mwana nyuma yake, kupitia kwa Muisa wa kuzimu mpaka kwa Sheburungu, mungu mkubwa, ambako Mwindo anamkomboa baba yake kwa kushinda mchezo wa kamari wa mbegu.

Msimulizi mwingine angemwua baba hapo, na wasikilizaji wangeshangilia. Utendi huu haufanyi hivyo. Shemwindo anarudishwa nyumbani, anaketishwa mbele ya watu, na anakiri kosa lake hadharani. Shangazi Iyangura anamsema. Kisha nchi inagawanywa, baba na mwana kila mmoja anapata upande wake.

Hata hapo bado. Mwindo, shujaa, mshindi, sasa ndiye mwenye nguvu zote, na anaanza kujisifu. Anamwua Kirimu, joka la msituni. Kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa damu wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba anashuka, anamnyakua Mwindo mbele ya watu wake na kumpeleka juu, na huko anakaa mwaka mzima akiteswa na baridi, mvua, mwezi na jua, kila mmoja akimwambia kwamba amezidi. Anarudishwa duniani akiwa amewekewa masharti, na ndipo anapowatolea watu wake sheria. Mojawapo inawataka watu wamheshimu mwami na mwami naye awaheshimu watu.

Ona kilichofanyika. Dini, siasa na fasihi zimo ndani ya chungu kimoja. Mtambaji mwenyewe husimulia akiwa mtumishi wa mzimu wa Karisi. Hakuna kutengana kokote kwa maana ya 1905. Lakini hapana ipo, na ina mahali pake. Mwami mbaya anaambiwa hapana na mwanawe na shangazi. Mwami mzuri anaambiwa hapana na mbingu. Ninaona katika sehemu hiyo ya pili akili ya kisiasa iliyokomaa kuliko ya hotuba nyingi nilizozisikia: aliyetukomboa ndiye anayehitaji kuzuiwa upesi zaidi.

Msalaba, fimbo na kampuni

Ukoloni uliifunga milango hiyo ya kusema hapana. Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili ilitia sahihi mkataba na Vatikani: misheni za Kikatoliki zilipewa ardhi, nazo zikaahidi kufungua shule zitakazofuata maelekezo ya serikali. Wanahistoria wanapenda kusema utawala wa Wabelgiji ulisimama kwa miguu mitatu, yaani Leta, Kanisa na makampuni. Kwa miaka mingi serikali ilitoa ruzuku kwa shule za Wakatoliki, huku za Waprotestanti zikikaa nje mpaka baada ya Vita vya Pili. Shule ya serikali isiyo ya misheni, ambayo watu waliiita shule laiki, ilikuja mwaka 1954 tu, chini ya waziri Auguste Buisseret, na maaskofu waliipinga vikali.

Kwa mkulima wa Masisi maana yake ilikuwa hii: aliyemfundisha kusoma, aliyempima uwezo wa kubeba mizigo, na aliyemlipa ujira wa mgodini walikula meza moja. Akionewa na mmoja, akamlalamikie nani?

Mwaka 1944

Sasa tufike kwenye jambo ambalo linapaswa kuwa katika kila kitabu cha historia cha Kivu, na ambalo wazee wengi wanalijua kuliko walimu.

Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, na Kongo ikawa ndiyo hazina ya serikali yake iliyokuwa uhamishoni London. Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima zilipandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Mpira wa mwituni, ambao wazee waliukumbuka kwa hofu tangu enzi za Leopold, ulirudi: wanaume walirudishwa porini kuutafuta. Migodi ya bati ilitaka watu. Barabara zilitaka watu. Anayechelewa alichapwa fimbo.

Wakati huohuo kulikuwa na mahubiri yanayotembea. Kitawala ni jina la vuguvugu la dini lililotokana na Watch Tower, shirika la Marekani la wasomaji wa Biblia ambalo jarida lake lilianza mwaka 1879. Huko Nyasaland, Malawi ya leo, kuanzia 1908, Elliot Kamwana aliyachukua mafundisho yake ya mwisho wa dunia na kuyapa masikio ya Kiafrika: mwisho unaokuja ni mwisho wa kodi na wa utawala wa Mzungu. Wachimba shaba wakayabeba mpaka Katanga. Serikali ya kikoloni ikawakamata wahubiri na kuwahamishia mikoa ya mbali, na kwa kufanya hivyo ikawalipia nauli ya kueneza habari. (Watch Tower yenyewe, ambayo leo tunaijua kama Mashahidi wa Yehova, ilijitenga na Kitawala na bado inajitenga.)

Mapema mwaka 1944 moto uliwaka kati ya Lubutu, Walikale na Masisi, hasa miongoni mwa Wakumu. Aliyeongoza aliitwa Bushiri. Alijitangaza kuwa mjumbe wa Yesu, mwenye kazi ya kuwakomboa watu weusi. Ujumbe wake ulieleweka na kila mtu aliyebeba mpira mgongoni: kazi ya lazima imekwisha, kodi imekwisha, utawala wa Wazungu umekwisha. Watu waliacha kazi, waliwafukuza watumishi wa Leta, walijaribu kuweka wakubwa wao wenyewe. Jeshi la Force Publique lilitumwa. Miezi michache baadaye uasi ulikuwa umezimwa kwa damu nyingi, na Bushiri akakamatwa na kufia gerezani.

Wakoloni waliandika kwamba huo ulikuwa wazimu wa kidini. Baada ya uhuru baadhi ya wasomi wakageuza: ulikuwa uzalendo tu, dini ilikuwa ganda la nje. Nadhani pande zote mbili zinakosea kwa namna moja. Zinadhani kuna siasa safi iliyofichwa chini ya dini, kama vile mtu wa Masisi wa 1944 alikuwa na lugha mbili akachagua moja kwa ujanja. Hakuwa nazo mbili. Chama kilikatazwa, gazeti halikuwapo, chama cha wafanyakazi weusi hakikuruhusiwa, mwami alikuwa amegeuzwa mtumishi wa ofisi. Biblia peke yake ndiyo iliyokuwa na maneno makubwa ya kutosha, na ilikuwa imeletwa na misheni zilizoshirikiana na serikali hiyohiyo. Kutoka humo watu walitoa hapana yao. Simon Kimbangu, kule Nkamba mwaka 1921, alikuwa amefanya jambo lililofanana na hilo bila silaha, na alilipia kwa miaka 30 ya gereza mpaka kifo chake Elisabethville mwaka 1951.

Lakini haki ya uchungu haimsafishi kiongozi. Bushiri aliposema yeye ndiye mjumbe wa Yesu, alijiweka mahali ambapo hakuna mfuasi anayeweza kumwambia amekosea. Mwindo alipandishwa juu akapigwa na baridi. Bushiri hakuwa na Nkuba. Makundi mengi ya wenye silaha katika Kivu ya leo, yale yanayotegemea maji ya dawa na miiko, yana tatizo lilelile: risasi ikimpata mpiganaji husemwa kwamba alivunja mwiko, na dawa haikosei kamwe. Hapo kamanda anakuwa amepata ulinzi dhidi ya maswali yote.

Kwa ufupi mpaka hapa

Dini na siasa ziliishi pamoja hapa kabla ya Wazungu, na utendi ulikuwa na njia ya kumzuia mtawala. Ukoloni uliziunganisha tena kwa namna mpya na kuziba njia hiyo. Uasi wa 1944 uliitafuta ndani ya Biblia. Kilichofuata ni mtawala Mwafrika aliyefikiri ameondoa dini, kumbe amejipachika pale palipokuwa na altare.

Kanisa lililoitwa MPR

Mtawala huyo, Mobutu, alianzisha chama chake, MPR, mwaka 1967. Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire, na siasa ya uasilia ikatangazwa: turudi kwetu, tuache mambo ya kuiga. Mengi ndani yake yalikuwa na ladha. Nani asingependa kuacha jina alilopewa na padri asiyejua kwao? Lakini majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku mwaka 1972, gazeti la Kikatoliki Afrique Chrétienne likauliza kama kweli uasilia ni kurudi nyuma au ni kushughulikia matatizo ya leo. Gazeti lilifungiwa. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alinyang'anywa makazi yake na ikambidi aende Roma kwa miezi kadhaa.

Kisha mambo yakaenda mbio. Vyama vya vijana vya kidini vilipigwa marufuku. Mwaka 1974 Krismasi iliondolewa katika sikukuu za taifa, shule za makanisa zikataifishwa, somo la dini likaachia nafasi somo la siasa ya chama. Waziri wa mambo ya ndani, Engulu, alieleza bila aibu kwamba MPR ni kama kanisa na mwanzilishi wake ni kama masihi. Televisheni ilifungua taarifa ya habari kwa uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni.

Mtu anayependa ubishi anaweza kusema: si ndiyo laiki hiyo, dini kuondolewa shuleni na serikalini? Hapana. Hiyo ni kinyume chake. Dola laiki inakiri kwamba kuna mambo yasiyo yake, kama dhamiri ya mtu na hofu yake ya kifo. Dola ya Mobutu ilitaka yote. Haikuifukuza dini, ilihamia chumbani mwake na kulala kitandani mwake.

Shule zilirudishwa kwa makanisa kwa mkataba wa mwaka 1977, kwa kuwa serikali ilikuwa imeshindwa kuziendesha. Mkataba huo ndio unaotawala mpaka leo: sehemu kubwa ya shule za msingi za Masisi na Walikale zina jina la kanisa mlangoni na mwalimu anayetegemea mshahara wa Leta, kama mshahara umefika.

Padri mwenye barua

Katikati ya kelele hizo, mwaka 1973, kilitoka Paris kitabu chembamba cha Mkongo aliyekuwa na miaka 31. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1941, akalelewa na wamonaki Wabenedikto, akaishi utawani Rwanda, akautoka. Alisoma Louvain, akafundisha Lubumbashi, na uasilia ulipokuja akaandika jina lake Vumbi Yoka. Riwaya yake, Entre les eaux, inamhusu padri Mkongo aliyesoma Roma, Pierre Landu, anayeacha parokia na kujiunga na waasi wa Kimarx porini. Anaona Kanisa limekula meza moja na mabwana, na kwamba Injili inamtaka awe upande wa maskini.

Porini anakuta kanisa lingine. Kuna mafundisho yasiyohojiwa, kuna maungamo, kuna watakatifu na wazushi. Anamwandikia barua askofu wake. Barua inanaswa, na wenzake wanamhukumu kifo kwa usaliti. Shambulio la jeshi la serikali linamwokoa, kwa kejeli. Anaoa, ndoa haimtoshi, na mwishowe anajificha katika monasteri.

Wasomaji wengi wanamdharau Landu kwa kutokuwa na msimamo. Mimi namwona kama mtu ambaye kosa lake lote ni kutaka kubaki na mahali pa kuandikia barua. Ndani ya Kanisa hakuweza kusema hapana kwa Kanisa. Ndani ya mapinduzi hakuweza kusema hapana kwa mapinduzi. Mudimbe aliliona hilo mapema kuliko wanasiasa wetu, na maisha yake yakamfikisha palepale: mwishoni mwa miaka ya 1970 alipewa nafasi katika Kamati Kuu ya MPR, heshima ambayo hakuna aliyeikataa akabaki salama, naye akaondoka kwenda Marekani. Alifundisha Haverford, Stanford na Duke, akaandika The Invention of Africa mwaka 1988, na akafariki Aprili 2025 bila kurudi kuishi nyumbani.

Majirani walilijibu swali hili kwa njia zao. Kenya, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alisimama mbele ya Wapresbiteri mwaka 1970 akawaambia kwamba yeye si Mkristo. Mzee mmoja akamkumbusha kwamba bado anaitwa James, na baadaye Ngũgĩ akaliacha jina hilo. Hata hivyo vitabu vyake havikuacha kunukia Biblia. Tanzania, Julius Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, alisisitiza kwamba serikali yake haina dini ila watu wake wanazo. Naye mtu huyohuyo alimtafsiri Shakespeare akiwa madarakani, na baada ya kung'atuka akaziweka Injili katika utenzi, vitabu vilivyotoka mwaka 1996. Nyerere hakuwa malaika. Magereza yake yalikuwa na watu wasiohukumiwa. Lakini hakuwahi kutuma uso wake mawinguni.

Leo

Nani leo anasema hapana katika Kongo? Mara nyingi ni dini, na hilo linawatatiza watu wa fikra za laiki. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo wa Kinshasa waliandamana kudai Kongamano Kuu la Taifa lifunguliwe tena, na askari wakawafyatulia risasi. Maaskofu walisimamia makubaliano ya tarehe 31 Desemba 2016 yaliyomwekea rais wa wakati huo, Joseph Kabila, njia ya kutoka. Februari 2025, wiki chache baada ya Goma kuchukuliwa na waasi wa M23, wajumbe wa maaskofu Wakatoliki na wa makanisa ya Kiprotestanti walikwenda huko kuzungumza na Corneille Nangaa, kiongozi wa muungano wa kisiasa ulio pamoja na M23. Baadhi ya wafuasi wa serikali walinung'unika: nani amewatuma?

Manung'uniko yana hoja. Sheria imezipa jumuiya za dini kazi ya kumpendekeza mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, na mwaka 2021 Wakatoliki na Waprotestanti walikataa jina la Denis Kadima huku jumuiya nyingine sita zikilikubali. Zikarushiana tuhuma za hongo. Dini inayoshika kura inaanza kunuka siasa, na siku inapotaka kukemea, watu wanauliza ilikuwa upande gani.

Kwa hiyo, msomaji, usihangaike na sala ya mwanzo wa mkutano. Mwache pasta asali. Hangaika na yanayofuata, na uulize haya:

– Aliyesali anaweza, saa moja baadaye, kuuliza habari za waliokamatwa usiku?
– Asiye na dini hiyo, au asiye na dini yoyote, anapewa nafasi sawa ya kusema?
– Kiongozi wa dini akikosea, kuna gazeti, redio au mzee anayeweza kumsema bila kuitwa shetani?
– Mwenye bunduki anamjibu nani?

Barabara ya Sake hadi Rubaya imebadilisha mabwana mara nyingi tangu 2023, jeshi, wanamgambo wa Wazalendo, M23, na ndani ya vilima vyake kuna koltani inayotafutwa na dunia nzima. Kila bwana amekuja na msamiati wake wa ukombozi. Majibu ya maswali hayo manne hayajabadilika sana.

Na atakayetaka kujua waandishi wa katiba waliogopa nini walipoandika neno laiki, asiishie ibara ya 1. Ibara ya 7 inakataza mtu yeyote kuunda chama kimoja cha kutawala nchi nzima au sehemu yake, na inaliita tendo hilo uhaini mkuu ambao kosa lake halifutwi na muda.